Spana namba 17 iliwanunisha mafundi wangu miezi mitatu, aliyewapatanisha ni mama lishe. Hii ndiyo akili ya hisia?

#1 Msimamizi wa Zamu, Ijumaa saa 3:10 usiku

Habari za jioni wadau.

Nasimamia gereji ya malori hapa Dar es Salaam. Nina mafundi wawili wakubwa, mmoja wa injini na mmoja wa umeme, ambao kwa miezi mitatu hawakusemeshana. Chanzo tulichokijua wote ni spana namba 17. Wa umeme aliiazima kufungulia altaneta, wa injini akasema haikurudi, wakatupiana maneno mbele ya dereva wa mteja. Kuanzia siku ile wakawa wanaongea kupitia kijana anayejifunza kazi. "Mwambie huyo alete taa." "Mwambie huyo taa iko pale anapoiona." Wamesimama hatua mbili, kijana katikati anageuza shingo.

Mkisikia hivyo mtaona ni utoto tu. Lakini mwezi jana wa injini alishusha giaboksi ya lori moja, akafungua na waya wa ethi ili apate nafasi. Kupandisha, akausahau. Lori likawa haliwaki. Wa umeme akahangaika siku moja na nusu: betri, stata, rilei, akarudi betri tena. Neno moja tu, "nilifungua ethi", lingemaliza kazi ndani ya dakika tano. Mteja aliondoka na lori lake na hajarudi.

Mimi nilifanya yote niliyofundishwa. Nilimwita kila mmoja peke yake, nikawaita pamoja, nikanunua spana mpya, mwisho nikawapa onyo la maandishi wote wawili. Mwaka jana nilihudhuria hata semina ya siku mbili kuhusu akili ya hisia, yaani uwezo wa kutambua na kuongoza hisia zako na za wengine. Hakuna kilichobadilika.

Jumatano mchana mama lishe wetu akawawekea ugali na dagaa kwenye sinia moja. Akasema, "Leo sahani zimeniishia, kuleni pamoja." Sahani nilikuwa naziona, ziko kwenye beseni. Akageuza ndoo, akakaa mbele yao, akamuuliza wa injini: "Baba, tangu umzike mama yako hujamaliza ugali wangu hata siku moja. Una nini?"

Yule mtu alibaki na tonge mkononi. Kisha akasema, macho kwenye sinia, "Huyu hakuja kunizikia mama." Wa umeme akajibu, "Nilikuwa Tunduma na gari limekwama, unajua. Na rambirambi nilitoa." Mwenzake: "Jina lako halikusomwa."

Spana haikutajwa. Walikaa pale karibu nusu saa, na saa tisa nikawasikia wanabishana kuhusu injekta, uso kwa uso, kama zamani.

Swali langu ni moja. Yule mama ana nini ambacho mimi sina? Na kinafundishika?

#2 Kiti cha Nyuma, Ijumaa saa 3:16 usiku

Nimewahi nafasi. Endeleeni.

#3 Mwalimu wa Mchana, Ijumaa saa 3:31 usiku

Mkuu, jibu ni ndiyo, hiyo ndiyo akili ya hisia kwa asilimia mia. Iligunduliwa na mwandishi wa Marekani, Daniel Goleman, mwaka 1995, na utafiti umeonyesha kwamba asilimia 80 ya mafanikio ya mtu inatokana nayo, akili ya darasani ni asilimia 20 tu. Mama lishe aliona kile ambacho wewe hukukiona: mtu hali chakula chake akakimaliza. Wewe ulishughulika na spana, yeye alishughulika na msiba. Na inafundishika, mbona sisi walimu tunafundisha watoto kila siku kusema "nimekasirika" badala ya kurusha daftari.

#4 Kimbunga cha Tabata, Ijumaa saa 3:48 usiku

Mimi napinga tangu mwanzo. Mnampa mama lishe sifa za mganga wakati jambo liko wazi. Yeye haandiki onyo. Hapangi zamu. Hapeleki jina la mtu ofisini.

Mleta uzi, ulipomwita fundi ofisini ukamuuliza "una nini", alisikia "nikuandike nini?" Mtu mwenye watoto wanne na kodi ya nyumba hawezi kukufungulia moyo huku mkononi mwako kuna kalamu. Mpe mama lishe cheo chako leo, mpe na ile kalamu, halafu uone kama wataongea mbele yake. Hili ni suala la madaraka. Hisia mnaziingiza ili lionekane la kitaalamu.

#5 Msomaji wa Pembeni, Ijumaa saa 4:05 usiku

Mwalimu #3, naomba nirekebishe mambo mawili, maana hizi takwimu zinazunguka sana kwenye semina.

La kwanza, Goleman hakuigundua. Walioitolea dhana hiyo ufafanuzi wa kitaaluma ni wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer mwaka 1990: uwezo wa kutambua hisia zako na za wengine, kuzitofautisha, na kuzitumia kuongoza fikra na matendo. Goleman ndiye aliyeifanya ijulikane duniani kwa kitabu chake cha 1995.

La pili, hiyo asilimia 80. Goleman aliandika kwamba akili ya kupimwa kwa mtihani inachangia kama asilimia 20 ya mambo yanayoamua mafanikio. Watu wakatoa 20 kwenye 100, zilizobaki zote wakaipa akili ya hisia. Lakini kwenye hizo zilizobaki kuna umezaliwa nyumba gani, una afya gani, una bahati gani, nani anakufahamu. Mwenyewe alikuja kueleza kwamba anasomwa vibaya.

Nasema hivi kwa sababu meneja akiamini ile 80 ataona kila ugomvi kazini ni upungufu wa mtu, hatauliza kama mishahara imechelewa.

#6 Mwalimu wa Mchana, Ijumaa saa 4:12 usiku

Nimepokea, asante. Hiyo 80 niliipata semina, nikaandika kwenye daftari, na nimeisema mbele ya watu mara nyingi. Ila hoja yangu ya chakula kutomalizwa haijajibiwa. Madaraka au si madaraka, kuna mtu aliona na kuna mtu hakuona.

#7 Sauti ya Kaunta, Ijumaa saa 4:40 usiku

Umenigusa #4.

Nimekaa miaka sita kituo cha huduma kwa wateja. Kila robo mwaka tunaletewa mafunzo ya akili ya hisia. Tunafundishwa kushusha pumzi, kutabasamu hata kwenye simu maana "tabasamu husikika", kusema "naelewa unavyojisikia" kwa mtu anayekutukania mama yako. Sawa. Lakini msimamizi wetu alikuwa akipita nyuma ya viti anasema kwa sauti, "Leo namba zenu ni za wagonjwa." Yeye hakuwahi kukaa kwenye yale mafunzo hata siku moja. Tuliotakiwa kuwa na akili ya hisia ni sisi wa chini.

Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, mwaka 1983 alieleza kazi hii kwa kuwatazama wahudumu wa ndege: kwamba kuna ajira ambazo mtu anauza jasho na pia anauza uso wake na moyo wake, na kampuni inaweka sheria ya nini uhisi. Niliposoma hilo nililia. Nilikuwa nadhani ni mimi tu nisiyeweza kazi.

Kwa hiyo kila nikisikia "tatizo ni akili ya hisia", nauliza kwanza: ya nani?

#8 Nesi wa Usiku, Ijumaa saa 5:25 usiku

Niko zamu, wodi imetulia kidogo, naandika haraka.

Watu wengi wanadhani akili ya hisia maana yake ni kumeza. Meza tu, kaa kimya, wewe ni mkubwa. Mimi nilimeza miaka miwili. Kulikuwa na mwenzangu wa zamu ya mchana, kila tukikabidhiana alikuwa ananisomea ripoti haraka haraka huku ameshabeba mkoba. Nikiuliza swali anasema, "Imo kwenye kitabu." Nilikuwa nasema sawa dada. Usiku mmoja nilishindwa kukumbuka kama alitaja kwamba mgonjwa wa kitanda cha tatu ameshachomwa sindano ya saa kumi na mbili. Nilikuwa nimesimama pale pale, nimemwangalia mdomo. Sikusikia, kwa sababu nguvu zangu zote zilikuwa kwenye kuzuia uso usionyeshe. Nilimpigia simu mara nne ndipo akapokea. Mgonjwa hakudhurika, lakini mikono yangu ilitetemeka mpaka asubuhi.

Baadaye nilisoma kozi ya saikolojia na nikakuta jambo hili limepimwa. James Gross na Robert Levenson, 1993, waliwaonyesha watu filamu ya kuchukiza, wengine wakaambiwa wasionyeshe chochote usoni. Nyuso zilitulia, ila mwili ndani ulichacharika zaidi, hata jasho la viganja liliongezeka. Miaka michache mbele Gross na mwenzake Jane Richards wakaonyesha kwamba anayejizuia uso anakumbuka vibaya yaliyosemwa wakati ule.

Msimamizi, rudi ufikirie vile vikao ulivyowaita mafundi wako. Kila mmoja akitoka na habari yake. Huenda hakuna aliyekudanganya, walikuwa bize kuzuia nyuso.

#9 Kimbunga cha Tabata, Ijumaa saa 5:33 usiku

Pole sana Nesi. Hilo la kutosikia huku umemwangalia mtu mdomo nimelipitia, sikujua kama lina maelezo.

Ila si basi ni bora mtu alipuke tu, atoe ya moyoni, yaishe?

#10 Nesi wa Usiku, Jumamosi saa 11:02 alfajiri

Hapana, nalo lilipimwa. Brad Bushman, 2002. Watu walioudhiwa, wengine walipewa mfuko wa ngumi wapige huku wakimfikiria aliyewaudhi. Ndio waliobaki na hasira kubwa kuliko waliokaa kimya tu bila kufanya kitu. Kulipuka ni mazoezi ya kulipuka. Kilichonisaidia mimi ni kumwambia mwenzangu saa ambayo hatukabidhiani: "Ukinisomea ukiwa umebeba mkoba nasikia unaniambia sina maana." Akashangaa. Kumbe alikuwa anawahi mtoto kwa jirani, na ikifika saa moja jirani anatoka. Tulihamisha makabidhiano yawe robo saa mapema.

#11 Faili la Kijani, Jumamosi saa 2:20 asubuhi

Salaam. Mimi ni kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, mwaka wa kumi na moja sasa. Nimesindikiza watu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mara nyingi. Nataka kutetea utaratibu, maana naona unadharauliwa humu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, na pacha wake Namba 7 ya mwaka huo huo iliyounda Tume, hazikutungwa na watu wasiojua hisia. Mgogoro ukifika Tume unaanza na usuluhishi, si hukumu. Msuluhishi ana siku 30. Yanayosemwa mle ni siri, huwezi kuyatumia baadaye kumkaba mwenzako. Kwa nini? Kwa sababu walijua mtu hasemi ukweli akiwa anaogopa utarudi kumng'ata. Ndiyo hoja ya #4 hiyo hiyo, ila imewekwa kwenye sheria badala ya kutegemea wema wa mama mmoja.

Na niwaambie nilichokiona mle ndani. Mtu anakuja amejaza fomu, anadai mishahara, likizo, notisi. Anaulizwa, "Tuambie ilivyokuwa." Jambo la kwanza linalomtoka si pesa. Ni "alinifukuza mbele ya wateja", "nilifanya kazi miaka tisa hakuniaga", "alinitupia funguo". Niliwahi kusindikiza mlinzi aliyepunguza madai yake kwa karibu nusu baada ya bosi kusimama na kumwambia, "Mzee, pale sikufanya vizuri." Nusu! Sheria ilileta meza na viti na siri. Neno lililomaliza lilikuwa la moyoni.

Angalizo kwa wenye kesi: ukiachishwa kazi una siku 30 kupeleka lalamiko, migogoro mingine siku 60. Wengi wanakaa wakisubiri hasira ipoe, muda unapita.

#12 Mpemba wa Maskati, Jumamosi saa 3:05 asubuhi

Assalaam alaykum. Faili, umenena, ila ongeza kwamba hiyo ni Tanzania Bara. Zanzibar tuna Sheria ya Ajira yetu, Namba 11 ya 2005, na utaratibu wake.

Nimo Maskati mwaka wa nane, ofisi ya mizigo. Tumechanganyika Waomani, Wahindi, Wafilipino na sisi. Hapa ndipo nilipojua kusoma hisia ni lugha, na lugha hujifunzwa. Mhindi mmoja tuliyekaa naye meza moja nilikuwa nikimuuliza jambo anatikisa kichwa upande huu na upande huu. Mimi nikisoma "hapana", nikaona ananikatalia kila kitu kwa dharau. Kumbe alikuwa akikubali. Miezi minne nimemwekea kinyongo mtu anayeniambia ndiyo.

Kwa hiyo mama lishe wenu aliweza kumsoma fundi kwa sababu wamekulia ndani ya msiba mmoja. Anajua kwetu asiyekuja mazikoni amekuacha. Mlete hapa ofisini kwetu, sijui kama angejua pa kuanzia.

#13 Mpare Halisi, Jumamosi saa 4:44 asubuhi

Mmezunguka Marekani, mmefika Maskati, dawa iko nyumbani. UTANI.

Kazini kwetu fundi mkuu ni Mchaga, mimi Mpare, watani tangu mababu. Akinikosea siendi kwa meneja. Nasubiri chai, namwambia mbele ya watu, "Nyie hata salamu mnaitoa kwa riba." Watu wanacheka, anacheka, ujumbe umefika, na hana ruhusa ya kukasirika maana mtani hakasiriki. Kesho ananirudishia ubahili wa Wapare. Tumefanya kazi hivyo miaka kumi na tano bila onyo la maandishi hata moja. Wazaramo na Wanyamwezi ni hivyo hivyo, waulizeni. Hata msibani mtani ndiye anayeruhusiwa kuchekesha pale kila mtu analia. Hao wazee waliokaa wakaunda utani walijua habari ya hisia kabla ya 1990.

#14 Binti Kisauni, Jumamosi saa 5:15 asubuhi

Hamjambo. Mie naandika kutoka Mombasa. Nataka kumjibu Mpare Halisi kwa heshima.

Utani wa ukoo una mipaka, una watu wake. Kazini jina hilo hutumiwa kufunika mengine. Nilikuwa karani wa bohari, mwanamke peke yangu. Kila asubuhi mmoja alikuwa na neno juu ya nguo yangu au mwendo wangu. Nikinuna, naambiwa "ni utani tu, mbona huna moyo". Na bosi wangu ndiye aliyeniambia nikuze akili ya hisia! Nilichokihitaji pale ni mtu amwambie yule akome. Kenya tuna kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007: kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu lazima umweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na awe na mwenziwe wa kumsimamia. Nilitamani na sisi tunaolalamika tuwekewe hicho: lugha tunayoifahamu na mtu wa kukaa kando yetu. Niliondoka kazi ile. Yeye nasikia yupo bado.

Kuna ugomvi wa watu wawili walioumizana, huo mtauweka kwenye sinia. Na kuna mmoja anaumiza, mwengine anaumia. Huo msiuite ugomvi.

#15 Mpare Halisi, Jumamosi saa 5:30 asubuhi

Pole dada. Umesema kweli, mtani anayekuchagulia utani bila wewe kuwa mtani wake si mtani. Hilo nalikubali lote. Mengine nabaki nayo.

#16 Mpishi wa Vingunguti, Jumamosi saa 6:10 mchana

Nimepika gereji na viwandani miaka kumi na miwili, niwape siri ya jiko. Hao mafundi wawili lazima wana daftari kwa huyo mama, wanakula kwa mkopo mpaka mwisho wa mwezi. Watu walionuniana hawakai kula pale pale. Mmoja ataanza kwenda banda la pili, na deni lake litaenda naye. Mama alikuwa analinda biashara. Simsemi vibaya, mimi mwenyewe nimepatanisha watu hivyo. Anayewalisha anajua nani kapunguza, nani kaongeza pilipili, nani anakula amempa mgongo nani. Tunaangalia kwa sababu tusipoangalia tunakula hasara.

#17 Kimbunga cha Tabata, Jumamosi saa 6:22 mchana

Asante Mpishi. Madaraka NA maslahi. Tunasogea.

#18 Mwalimu wa Mchana, Jumamosi saa 6:30 mchana

Kimbunga, kulinda biashara na kumjali mtu havigombani. Mimi nalipwa mshahara na bado nawapenda wanafunzi wangu.

#19 Hesabu Haidanganyi, Jumamosi saa 8:50 mchana

Nimesoma uzi wote mara mbili. Kuna kitu kimepitwa na kila mtu.

Fundi wa umeme amesema rambirambi alitoa. Wa injini amesema jina halikusomwa. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Basi kilichovunjika ni orodha. Fedha zilipitia kwa nani? Nani aliandika majina? Na nani alisimama msibani akayasoma?

Mleta uzi, hukutuambia.

#20 Kiti cha Nyuma, Jumamosi saa 8:53 mchana

Duh.

#21 Msimamizi wa Zamu, Jumamosi saa 2:35 usiku

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nithibitishe.

Michango ilikuwa inatumwa kwenye simu ya karani wetu, na yeye ananiletea majina kwenye karatasi. Msibani nilisoma mimi, kwa niaba ya gereji. Leo nimeomba karani anionyeshe ujumbe wa simu. Wa umeme alituma shilingi 20,000 kutoka Tunduma, saa nne usiku, siku moja kabla ya mazishi. Karatasi niliyopewa ilikuwa imeandikwa jioni ile. Zile 20,000 zilijumlishwa kwenye fedha, kwa hiyo jumla niliyoisoma ilikuwa sahihi. Majina yalikuwa pungufu moja. Sikuyahesabu.

Nakumbuka nilisoma nikiwa nimesimama karibu na turubai, jua kali, na wa injini alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani analia tu. Sasa naelewa alikuwa anasubiri jina.

Wiki mbili baadaye ndipo spana ikapotea.

#22 Hesabu Haidanganyi, Jumamosi saa 2:41 usiku

Asante kwa kusema. Wengi wangefunga uzi.

Ila sasa mjadala umegeuka. Daftari likiwekwa sawa, hakuna ugomvi, hakuna haja ya sinia wala saikolojia.

#23 Nesi wa Usiku, Jumamosi saa 2:58 usiku

Hesabu, sikubaliani. Majina huwa yanasahaulika kwenye kila msiba. Swali ni kwa nini fundi hakuweza kumwuliza mwenzake siku ya pili, "Mbona sikukusikia?" Miaka mingapi wamefanya kazi pamoja?

#24 Msimamizi wa Zamu, Jumamosi saa 3:04 usiku

Kumi na mmoja.

#25 Mpemba wa Maskati, Jumamosi saa 3:10 usiku

Nesi, kwetu huulizi. Utamwuliza vipi mtu "mbona hukutoa"? Ni aibu kwako wewe uliyefiwa. Ndiyo maana ikatafutwa spana. Spana unaweza kuidai mbele za watu.

#26 Sauti ya Kaunta, Jumamosi saa 3:15 usiku

Hili la #25 limenikaa. Nimekumbuka ugomvi wangu na dada mmoja kuhusu kiti cha dirishani. Haikuwa kiti.

#27 Faili la Kijani, Jumamosi saa 3:40 usiku

Msimamizi, umewaambia? Na lile onyo la maandishi ulilowapa, bado limo kwenye mafaili yao?

#28 Msimamizi wa Zamu, Jumamosi saa 3:52 usiku

Bado sijawaambia. Onyo limo. Jumatatu.

#29 Kimbunga cha Tabata, Jumamosi saa 3:55 usiku

Usiwaite ofisini.

#30 Msimamizi wa Zamu, Jumatatu saa 1:20 usiku

Nimerudi kama nilivyoahidi.

Sikuwaita ofisini. Nilisubiri mchana, nikaenda kukaa nao kwa mama lishe. Sahani leo zilikuwepo. Nilitoa karatasi yenyewe niliyosoma msibani, bado ilikuwa kwenye droo, nikaomba na simu ya karani. Nikasema, "Jina lililorukwa nililiruka mimi." Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakaisha hapo.

Wa injini aliichukua simu, akausoma ule ujumbe, akausogeza juu aone saa. Akasoma tena. Akamgeukia mwenzake: "Saa nne usiku. Ulikuwa bado uko chini ya gari?" Mwenzake akasema, "Nilituma nimelala kwenye turubai, mvua inanyesha, taa nimeiuma mdomoni." Yule akarudisha simu kwa karani. Kwangu hakusema kitu. Wa umeme naye hakusema kitu kwangu. Maonyo nimeyatoa kwenye mafaili, nimewaonyesha, wa injini akatikisa kichwa tu.

Sijui bado mimi na yeye tumesimama wapi. Saa kumi aliniomba nimshikie jeki, kazi ambayo kwa kawaida humwita kijana.

Mama lishe nilimwuliza alijuaje. Akasema, "Nilijua nini? Mimi niliona ugali unabaki."

#31 Kiti cha Nyuma, Jumatatu saa 1:29 usiku

Na spana je?

#32 Msimamizi wa Zamu, Jumatatu saa 1:34 usiku

Haijapatikana mpaka leo.